Mwalimu Huanza Mlangoni

Hawa mwanangu,

Sikuulizi hali, hali yako naijua. Asubuhi umekunywa chai nusu kikombe, ukanisalimia bila kunitazama, nikakuitikia bila kukutazama, kisha ukatoka na baba yako kwenda stendi ya Msamvu kukata tiketi ya basi la Iringa. Nyumba imebaki na mimi, sanduku lako pale barazani, na mvua hii ya mlimani ambayo tangu juzi haijaamua kama inanyesha au inaondoka. Nimeona nikae mezani nikuandikie. Nikisubiri mrudi nitafungua mdomo, na mdomo wangu unaujua.

Habari za chandarua na baridi ya Iringa sitaandika. Hayo baba yako atakuwa anakwambia sasa hivi, na kesho atakwambia tena. Mimi nina jambo moja tu, na nimelizungukazunguka tangu siku ile ya ugomvi wetu mpaka nimejichosha.

Siku ile ulikuja mbio kutoka kuangalia majina, viatu mkononi, jasho limekutoka. "Mama, nimepata! Ualimu, chaguo langu la kwanza!" Na mimi, mama yako, mhadhiri wa chuo kikuu, mtu ambaye kazi yake ni kuandaa walimu, nikakwambia nini? "Ualimu? Umekosa nini wewe?" Nikaendelea, kwa sababu mimi nikianza sijui kukoma. Nikakwambia alama zako ni za biashara. Nikakwambia mjomba wako ameshazungumza na watu wa benki, na kwetu Waluguru unajua neno la mjomba halichezewi. Nikakwambia sikukulea uje kula vumbi la chaki.

Ukaniacha nimalize. Kisha ukasema kwa sauti ya chini kabisa: "Mama, kila mwaka wanafunzi wapya wanapokuja unasimama mbele yao unawaambia ualimu ni kazi ya heshima. Nimekusikia, nilikuja siku ile kukuletea funguo. Sasa ukweli ni upi? Ule uliowaambia wao, au huu unaoniambia mimi?"

Nilikwambia usinijibu mimi, kana kwamba ulikuwa umejibu badala ya kuuliza. Tangu hapo humu ndani tunaishi kwa shikamoo na marahaba tu, tena zile kavukavu. Leo nataka nikujibu. Ila itabidi nianzie mbali kidogo, uvumilie.

Unajua nilianza ualimu nikiwa binti mdogo kuliko wewe sasa. Ulikuwa wakati wa kila mtoto aende shule, walimu hawatoshi, ikawa sisi tuliomaliza darasa la saba tunachukuliwa, asubuhi tunafundisha, mchana tunafundishwa kufundisha. Baadaye nikaenda chuo cha ualimu, nikapata cheti changu, nikaolewa na baba yako aliyekuwa fundi mitambo kiwandani hapa mjini, akinuka mafuta ya mashine na sabuni ya mche. Wewe ukazaliwa.

Halafu ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa, bidhaa za nje zikaingia. Nyie mmekua mkizikuta dukani hizo kanga na redio, hamjui. Sisi tulizipokea kwa vigelegele, na huku tunazishangilia viwanda vikawa vinafungwa kimoja kimoja. Cha baba yako kikaambiwa kimepata mwekezaji, mwekezaji akaja akatazama mashine, akaondoka, na baba yako akarudi nyumbani na friji, ndiyo sehemu ya mwisho ya stahili zake. Mshahara wangu haukutosha kitu. Lile friji likawa linagandisha barafu za ubuyu, nami naenda nazo darasani kwenye ndoo ya bluu. Nilikuwa nawauzia wanafunzi wangu mwenyewe wakati wa mapumziko. Siku moja nikajikuta najua majina ya wanaonunua barafu kuliko ya wasionunua. Nilikaa kwenye kiti cha mwalimu nikaogopa. Ndipo nilipoanza kuomba nafasi ya chuo kikuu, mtu mzima mwenye mume na mtoto, watu wakanicheka mtaa mzima.

Nilipata. Kozi ya walimu ilikuwa changa bado. Tulikuwa watu wachache, chumba kimoja kinatutosha sote, kule Mazimbu, kwenye majengo waliyotuachia ndugu zetu wapigania uhuru wa kusini walipomaliza vita vyao na kurudi kwao. Wewe nikakuacha Kinole kwa bibi yako, ukaanza shule huko huko, ukaota meno mapya kwa mananasi na kurudi kila likizo unaongea Kiluguru kitupu. Baba yako akaanza kwenda Dakawa kuchukua mchele, akapata kile kibanda chake sokoni ambacho mpaka leo ndicho kimetulisha.

Sasa sikiliza, hapa ndipo jambo lenyewe linapoanzia.

Mhadhiri wetu wa mbinu za kufundishia alikuwa bwana mmoja mfupi wa Bukoba, anaongea pole pole kama mtu anayehesabu maneno asije akazidisha. Alikuwa na zoezi lake. Mmoja anakuwa mwalimu, wengine wote mnakuwa watoto wa shule ya msingi. Si kuigiza kidogo. Mnakuwa watoto hasa. Na alikuwa haruhusu mtu aanzie ubaoni. "Mwalimu huanza mlangoni," anasema. Utoke nje, ufunge mlango, ugonge moyo wako huko huko, uingie. Ukiingia, darasa zima lisimame: "Shikamoo mwalimu!" Uitikie, uwaketishe, ndipo somo lianze.

Wa kwanza kuitwa alikuwa Deo. Deo alikuwa mdogo wetu kuliko wote, kijana wa Kilombero, baba yake mkata miwa, ametoka kidato cha sita moja kwa moja hajaota hata ndevu za maana. Na sisi tuliokaa kwenye madawati tulikuwa watu wazima, tumezaa, wengine wameshakuwa walimu wakuu. Mkubwa wetu alikuwa Mzee Mkude wa Matombo. Mvi kichwa kizima. Angeweza kumzaa Deo, na kumzaa baba yake akijitahidi.

Deo akatoka, akafunga mlango, akaingia. Watu wakaanza kucheka. Baadhi wakasimama nusu, wakasema shikamoo ya kumung'unya. Mimi sikusimama kabisa. Nilikunja mikono yangu hivi, nikatazama dirishani. Nimpe shikamoo mtoto wa juzi? Mimi, mama wa Hawa, niliyefundisha mamia ya watoto? Nilijiona ninatetea adabu za kwetu.

Mzee Mkude akasimama. Alisimama wima, mikono ubavuni, kidevu juu, akavuta sauti vile vile watoto wa darasa la kwanza wanavyovuta: "Shikamoooo mwaliiimuuu!"

Darasa likaangua kicheko. Lakini wa kumtazama alikuwa Deo. Yule mtoto alishikwa na hofu mpaka kitabu kikamdondoka. Mdomo ukafunguka, marahaba ikagoma kutoka. Mwisho akainama, akasema, "Hapana mzee, shikamoo wewe."

"Rudi mlangoni," akasema mhadhiri.

Akarudi. Akaingia tena, Mzee Mkude akasimama tena vile vile, Deo akaishia kwenye "mara..." tu. Rudi mlangoni. Sasa hakuna aliyekuwa anacheka. Nakwambia Hawa, ule mlango ulipofungwa tena nilimsikia yule kijana anavuta pumzi huko nje. Akaingia. Darasa zima likasimama nyuma ya Mzee Mkude, sauti moja. Na Deo akatutazama, mmoja mmoja, akasema, "Marahaba wanangu. Kaeni."

Akafundisha kuhusu mzunguko wa maji. Nimekaa nyuma ya madarasa mengi tangu siku hiyo, na sijaona wengi waliofundisha hivyo.

Mimi peke yangu nilikuwa sijasimama. Mhadhiri akaniuliza mbele ya wote, "Mama, umechoka miguu?" Nikamjibu kwa jeuri yangu, unanijua, "Mwalimu, kwetu mkubwa hamsalimii mdogo. Ni mila." Hakukasirika. Akasema, "Ile shikamoo si ya Deo, mama. Ni ya yule anayesimama pale mbele. Kesho ni zamu yako, na utaitaka."

Nilipotoka nilimwendea Mzee Mkude nimuonee huruma, eti pole mzee kwa kudhalilishwa. Akanicheka kwa lafudhi yake ile ya mlimani. "Mwanangu, kwani shikamoo yangu imepungua? Mbona ninayo bado?" Akaenda zake kunywa chai.

Kesho yake nilitoka nje, nikafunga mlango, nikaingia. Darasa likasimama, na mwenye sauti kubwa kuliko wote alikuwa Deo. Marahaba ikanitoka kirahisi, haraka, kama mtu anayepokea haki yake. Ndipo nilipoona aibu. Nilijua kupokea, kutoa sikujua, na mwalimu wa namna hiyo hana tofauti na yule wa kwenye ndoo ya barafu.

Haya, tuje Kinole, maana najua ulikuwa unasubiri nifike huko.

Kozi yetu ilikuwa ya kuandaa wakufunzi wa vyuo vya ualimu, kwa hiyo mazoezi yetu yalianzia shule za msingi, tujue kwanza huko chini kukoje. Nikaomba nipangwe Kinole niwe karibu na wewe na bibi yako. Nikapewa darasa lako. Ulikuwa unasimama pamoja na wenzako asubuhi, "Shikamoo mwalimu," halafu ukikaa unanikonyeza. Mtoto mtundu wewe.

Tukasikia mhadhiri anapanda kuja kunikagua. Mimi nilikuwa mwalimu mzoefu, nataka alama ya juu, nataka nimuonyeshe yule bwana wa Bukoba mama wa Kiluguru ni nani. Nikafanya wanavyofanya walimu wote wa mazoezi waliowahi kuzaliwa, na wewe utajaribu kufanya, nakujua damu yangu. Somo la kesho nikalifundisha leo. Kuota kwa mbegu. Tukaweka pamba kwenye makopo, tukalaza maharage, tukamwagia maji, nikauliza maswali yote, nikawaonyesha nani atajibu nini. Kisha makopo nikayapanga kwenye sinia la bibi yako, nikayaficha stoo, nyuma ya majembe ya shule.

Mhadhiri akaja, matope mpaka magotini, gari limewashinda kwenye ile kona ya chini. Akakaa dawati la mwisho. Nikaingia, shikamoo mwalimu, marahaba, kaeni. "Leo tutajifunza jambo jipya kabisa," nikasema. "Nani anaweza kuniambia mbegu inahitaji..."

"Maji, hewa na joto!" darasa zima. Sijamaliza hata kuuliza.

Nikacheka kidogo, nikasema watoto hodari hawa. "Sasa tutachukua kopo..."

Na wewe ukanyoosha mkono. Nikajifanya sikuoni. Ukanyoosha wa pili. Ukasimama. "Mwalimu, makopo tumeshaweka jana. Yako stoo. Niyalete?"

Loo! Hawa! Ardhi ya Kinole ni laini wakati wa mvua lakini siku ile haikutaka kunimeza. Nikamtazama mhadhiri kule nyuma, mabega yanamtikisika, ameinamisha kichwa anacheka bila sauti. Nikasema, "Kaa chini." Yeye akasema, "Mwache alete."

Ukaleta makopo kwenye lile sinia la bibi yako. Hiyo ndiyo sehemu niliyokuwa nikiikumbuka miaka yote hii, mpaka hapo kwenye sinia tu. Nikisimulia kwa wanafunzi wangu huishia hapo, wanacheka, nawaambia msifanye kama mimi. Mhadhiri aliniambia baada ya kipindi, "Somo zuri. La jana lilikuwaje?" Akauliza yule mtoto ni wa nani. Nikamjibu, "Ni wangu mwalimu, bahati mbaya." Bibi yako alipohadithiwa alicheka mpaka akaacha chungu kikaungua.

Nimesema nitakujibu kuhusu ukweli, na bado sijakujibu. Nakuja.

Nilimaliza, nikabakishwa chuoni, nikaendelea kusoma, nikawa hivi nilivyo. Na chuo nacho kikabadilika. Serikali ikasema wanafunzi wachangie, milango ikafunguliwa, shule zikaota kila kata, nchi nzima inalilia walimu. Sasa nafundisha ukumbini, kwa kipaza sauti, wengine wamesimama madirishani. Ningetaka kila mmoja aanze mlangoni, muhula ungeisha sijafika herufi B. Lile zoezi likafa mikononi mwangu, sikuliua kwa makusudi, lilikosa nafasi ya kukaa. Nikiwauliza nani aliuchagua ualimu mwenyewe, mikono inayonyooka ni michache, na yenyewe inanyooka kwa kujificha. Walioletwa na kukosa pengine ndio wengi. Na bado kila mwaka nasimama, navaa ile suti yangu ya kijani unayoichukia, nawaambia ni kazi ya heshima.

Deo nilikutana naye Msamvu, siku nilipokwenda kumpokea shangazi yako. Ameshuka kwenye gari zuri la kampuni ya simu anakofanya kazi, tai shingoni, amenona. Nilifurahi nikapiga kelele, "Mwalimu Deo!" Akageuka haraka akatazama waliokuwa naye. Akanivuta pembeni, akanisalimia vizuri tu, akaniuliza mpaka hali ya baba yako. Kisha akasema, "Dada, hilo la ualimu uwe unaniita tukiwa wawili." Nikacheka. Nilipofika nyumbani nikajifungia chooni nikalia, mkadhani tumbo.

Na Mzee Mkude. Hili sijawahi kukwambia. Alipostaafu, mafao yake yalichelewa kama ya wenzake wote. Alikuwa anashuka kutoka Matombo, analala kwetu, wewe ukimtandikia kitanda, asubuhi anakwenda kuulizia. Siku moja nikamsindikiza. Tukafika kwenye dirisha la ofisi ya mafao, kuna kijana amekaa na simu yake. Mzee Mkude akamtambua mara moja, akafurahi, akaninong'oneza, huyu nilimfundisha kusoma, alikuwa anachanganya b na d. Kijana hakuinua kichwa. Hakuna shikamoo, hakuna karibu mzee. "Faili halijafika. Rudi wiki ijayo."

Mzee Mkude akasema, "Asante mwanangu." Tukatoka.

Nilikuwa nachemka, Hawa. Nilitaka kurudi nikamng'oe yule kijana pale dirishani kwa masikio. Yeye akanishika mkono akasema tuwahi basi. Alifariki kabla faili halijafika. Na mimi niliapa, kwa jina la Mungu niliapa, mtoto wangu hatasimama mahali ambapo watu huchukua shikamoo yako yote miaka yote, halafu siku unapoihitaji moja tu, hakuna mwenye nayo.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kifuani siku uliyokuja na viatu mkononi. Hayakuwa mambo ya benki. Niliogopa. Nilikuona wewe na mvi pale dirishani. Hofu yangu huwa inatoka mdomoni ikiwa imevaa hasira, na wewe ndiye uliyebebeshwa hasira hizo tangu utoto wako. Unisamehe mama.

Juzi jioni baba yako alirudi kutoka sokoni, akakaa hapa ninapokaa, akaanza kumenya chungwa ambalo hakuwa na nia ya kulila. Nikajua ana neno. Akasema, "Mtoto ameniambia kwa nini anataka ualimu." Nikamwambia, kwa nini hajaniambia mimi? Akanitazama tu. Haya bwana, nilistahili.

Akaniambia ulimsimulia siku ile ya Kinole. Lakini hukuishia kwenye sinia. Ulimwambia kwamba ulipoyaleta makopo, mhadhiri alisema niendelee na somo, na mimi nikawa sina somo. Andalio langu lote limekwisha jana yake. Ulimwambia kwamba nilisimama kimya pale mbele, wewe ukaogopa kwamba nitalia. Halafu mtoto mmoja akapiga kelele, "Mwalimu, hili limepasuka!" Maharage yalikuwa yamevimba usiku kucha, ganda limeachia, na jino jeupe limeanza kuchungulia. Jana halikuwepo. Na mimi nikapiga magoti kwenye sakafu ile ya udongo, na nguo yangu ya ukaguzi, nikasema, "Hebu nione. Hata mimi sijawahi kuliona likiwa hivi." Darasa zima likanizunguka. Wakauliza kwa nini jino linakwenda chini, nikasema sijui, tugeuze kopo tuone kesho litafanya nini. Kengele ikapigwa hakuna aliyetoka. Mhadhiri naye alikuwa ameinama katikati ya watoto na matope yake.

Baba yako akasema, "Amesema hajawahi kumuona mtu mzima mwenye furaha kama wewe dakika zile. Anataka hiyo."

Nilikuwa nimesahau, Hawa. Wallahi nilikuwa nimesahau kabisa. Niliibeba siku ile miaka yote kama siku ya aibu, nikaikata mkia kila ninapoisimulia, na mkia wenyewe ndio ulikuwa somo. Wewe uliukuta chini ukauokota, ukakaa nao kimya, ukakua nao.

Basi swali lako. Ukweli ni ule niliowaambia wao, na ni huu niliokwambia wewe pia. Yule kijana wa dirishani yupo, utakutana naye, na siku hiyo utaumia, sitakudanganya kwamba utazoea. Lile jino la harage nalo lipo. Sijui namna ya kukupa moja nikakukinga na jingine. Ningejua, ningekuwa nimeshafanya. Mjomba wako mwachie mimi, nitazungumza naye, na nikisema nitazungumza unajua atasikia.

Nasikia geti. Baba yako anakohoa kile kikohozi chake cha kuwatahadharisha watu, na wewe unacheka. Kumbe bado unacheka mkiwa nje. Nifanye haraka.

Barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako. Isome kabla hujalala, halafu kesho fanya ninavyokwambia, mara ya mwisho nakupa amri. Ukiamka usije kunisalimia. Vaa, jiandae, kaa chumbani mwako. Mimi na baba yako tutakuwa tumekaa sebuleni. Utafungua mlango, na utaingia. Usiinamishe kichwa. Tutasimama wote wawili, baba yako na goti lake bovu, mimi na jeuri yangu yote, na utasikia shikamoo niliyomnyima Deo, aliyoikosa Mzee Mkude pale dirishani, na niliyokuwa nayo siku zote, haijapungua.

Shikamoo, mwalimu.

Na ole wako useme hapana mama, shikamoo wewe. Ukisema hivyo, nakurudisha mlangoni, basi la Iringa na liondoke.

Mama yako